Nyumba ya babu Kisutu: ni kweli kodi ndiyo inayotulazimisha kubomoa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alituachia nyumba ya ghorofa moja Kisutu, Dar es Salaam. Juu ya mlango mwaka wa ujenzi umeandikwa kwa lipu: 1934. Chini kuna fremu nne, juu wanaishi wapangaji wawili. Tuko warithi sita. Sasa amekuja mwekezaji, anataka tuibomoe ajenge ghorofa 12, kisha atugawie fleti. Kaka yetu mkubwa anasema tukubali haraka, maana kodi ya majengo inapanda na itatumaliza, na serikali ikiiita nyumba yetu urithi wa taifa hatutaruhusiwa kugusa hata dirisha. Mimi moyo wangu unakataa. Je, ni kweli kodi inambana mwenye nyumba ya zamani kiasi hicho? Na asiyebomoa anapata nafuu gani?

Jibu: Marahaba, dada. Nimefanya kazi ya uthamini wa majengo kwa miaka mingi, na swali hili hunijia kwa sura nyingi. Karibu kila mara hofu ya kodi ndiyo inayotangulia. Basi tuanze nayo hiyo, kwa kuwa ndiyo inayopimika kwa namba.

Kodi ya majengo ya Tanzania Bara, kwa utaratibu ninaoujua, haiulizi nyumba yako ina thamani gani. Tangu Julai 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 5,000 kwa kila ghorofa kwa majengo ya ghorofa mijini. Julai 2023 ikapandishwa kuwa Sh 1,500 na Sh 7,500. Kwa hiyo kaka yako hajasema uongo kwamba inapanda. Ndani ya miaka miwili iliongezeka kwa nusu yake, na Sheria ya Fedha inaweza kuigusa tena mwaka wowote. Lakini itazameni kwa jicho la nyumba yenu. Hata tukihesabu sakafu zote mbili, ya chini na ya juu, ni Sh 180,000 kwa mwaka mzima.

Sasa tuweke mfano. Sijui mnapokea nini, kwa hiyo hizi ni namba za kujifunzia tu. Tuseme kila fremu inalipa Sh 800,000 kwa mwezi na kila mpangaji wa juu Sh 600,000. Jumla ni Sh 4,400,000 kwa mwezi, yaani Sh 52,800,000 kwa mwaka. Katika fedha hizo kodi ya majengo inachukua Sh 180,000, hata nusu ya asilimia moja haifiki. Hakuna nyumba ya fremu nne katikati ya Dar es Salaam inayobomolewa na Sh 180,000. Anayekwambia hivyo ama hajapiga hesabu, ama anajua anachokitafuta.

Jambo moja la kufanya wiki hii: hesabuni mita. Nyumba yenye fremu nne na wapangaji wawili inaweza kuwa na mita sita za LUKU, na kodi hii inadaiwa kwa jengo, si kwa mita. Mfumo ulipoanza wengi walijikuta wanakatwa mara mbili au tatu kwa jengo lile lile, na mamlaka ya mapato ikawataka wenye mita zaidi ya moja waende ofisini kwao kurekebisha. Waombeni wapangaji risiti za umeme za miezi mitatu. Mkikuta kila mita inakatwa, hapo kweli mnaonewa, na dawa yake ni kwenda ofisini kwao na risiti mkononi. Mkikuta mpangaji ndiye aliyekuwa akilipa kodi yenu kupitia umeme wake, kaeni naye mumrudishie kwenye pango. Deni hilo ni la mwenye nyumba.

Kosa kubwa la kodi hii naliona penginepo. Sakafu ya nyumba yenu, tuseme ina mita za mraba 150, inalipa Sh 90,000. Sakafu ya jengo la vioo lililo mtaa wa pili, yenye mita za mraba 900, nayo inalipa Sh 90,000. Ukigawa kwa mita, nyumba ya 1934 inalipa Sh 600 kwa kila mita ya mraba, na jengo la vioo Sh 100. Hilo halitawafukuza mjini, lakini halina haki, na linaonyesha kwamba aliyepanga viwango hakuwa akifikiria nyumba kama yenu hata kidogo. Kiwango kimoja kwa wote ni rahisi kukusanya, hilo nakubali. Zamani kodi ilipokuwa ikitozwa kwa thamani, majengo mengi hayakuwa yamethaminiwa kabisa na halmashauri zilipoteza fedha nyingi. Ila urahisi wa mkusanyaji umelipiwa na mwenye nyumba ndogo.

Kodi inayogusa nyumba ya zamani kwa kweli ni nyingine, ambayo kaka yako hakuitaja. (Kiswahili chetu kinaita kodi kile unachodaiwa na serikali na kile unachompa mwenye nyumba, ndiyo maana vikao vya warithi huchanganyikiwa. Hapa chini nitasema pango kwa fedha ya mpangaji.) Mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka mamlaka ya mapato. Katika mfano wetu, fremu nne peke yake zinatoa Sh 38,400,000 kwa mwaka, na zuio lake ni Sh 3,840,000. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya kodi ya majengo.

Mkiwa mnapokea pango kama watu binafsi, si kama biashara, kwa kawaida zuio hilo ndilo la mwisho, mambo yameishia hapo. Kwa wengi hiyo ni nafuu. Kwa mwenye nyumba ya miaka 90 ni mtego, kwa sababu asilimia 10 inakatwa kwenye pango lote kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa chokaa. Uliyetengeneza paa mwaka huu na uliyeiacha ivuje mnakatwa sawasawa. Anayeendesha upangishaji kama biashara na kuweka hesabu hali yake ni tofauti: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu atoe gharama za matengenezo ya mali inayomwingizia kipato, mradi yawe matengenezo na si kuongeza kitu kipya. Kubadilisha boriti zilizooza ni matengenezo. Kupandisha ghorofa nyingine siyo. Warithi sita mnaokusudia kuikarabati nyumba mkae na mhasibu mmuulize kama inawafaa kusajili familia kama kampuni au ubia. Kampuni nayo ina mizigo yake, na kama matengenezo ni madogo huenda isiwalipe.

Kuna pia pango la ardhi, ambalo si la mpangaji: mwenye hati huilipa serikali kila mwaka. Hilo huangalia ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Halijali juu yake pana nyumba ya babu au mnara. Hakikisheni halina malimbikizo, maana deni la pango la ardhi ndilo linaloweza kuwafikisha kwenye kunyang'anywa hati, na nimeona familia zikilikumbuka siku ya kuuza tu.

Mtu akitaka kuona kodi inavyoweza kweli kuisukuma nyumba ya zamani, avuke mpaka aende Nairobi. Kule kaunti inatoza kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo. Kwa miongo mingi ilitumia thamani za miaka ya 1980, kiwango kikiwa asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Kisha ikaja orodha mpya ya uthamini na kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Wachumi wanaupenda mfumo huu, na kwa kiwanja kilichoachwa pori mimi pia naupenda, kwa sababu unamwamsha aliyelala juu ya ardhi ya mjini akisubiri bei ipande. Lakini mfikirie mtu mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa moja kati ya minara miwili. Analipa sawa na jirani zake wenye kiwanja kama chake, wakati mapato yake ni ya sakafu mbili na yao ni ya kumi na mbili. Kila mwaka bili inamkumbusha kile ambacho hajakijenga. Sisi Dar es Salaam bado hatujafika huko. Siku tukifika bila kuweka kinga kwa nyumba za urithi, Kisutu itakwisha ndani ya miaka michache.

Basi kama si kodi, kwa nini nyumba hizi zinaanguka moja baada ya nyingine? Sababu ya kwanza mnaiona wenyewe: kiwanja chenu kinaweza kubeba sakafu 12 na nyumba inatumia mbili. Mwekezaji ananunua zile kumi zilizo hewani, nyumba kwake ni kikwazo tu. Sababu ya pili ni ya kihistoria na watu wameanza kuisahau. Mtaa wenu upo katika ile sehemu ya mji iliyoitwa Uhindini tangu Wajerumani walipoanza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi za 1891: Uzunguni majumba ya Ulaya, Uhindini maduka na makazi ya ghorofa, na Uswahilini nyumba za miti na udongo. Familia za Uhindini zilijenga duka chini na makazi juu, zikaandika mwaka na wakati mwingine jina juu ya mlango, kama alivyofanya babu yako.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ya babu yako kubaki mikononi mwa familia ni jambo la kushukuru. Kwa zile zilizochukuliwa, na hata kwa nyingi zilizobaki, pango lilidhibitiwa na sheria mpaka udhibiti huo ulipofutwa mwaka 2005. Pango likiwa dogo kiasi kwamba halinunui bati, hakuna anayenunua bati. Kwa hiyo majumba mengi ya Kisutu yaliingia karne hii yakiwa na miaka 30 ya kutotengenezwa, na bei ya ardhi ikaanza kupanda wakati huo huo. Hapo ndipo neno "imechoka" lilipozaliwa. Utalisikia kwa kila dalali.

Mimi neno hilo siliamini mpaka nipande juu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Uhindini ambayo fundi alikwisha kuwaambia wenyewe kuwa haifai, wabomoe kabla haijaua mtu. Chumba cha juu sakafu ilikuwa inacheza ukikanyaga karibu na ukuta wa mtaani. Tukafungua dari ya chini yake. Boriti zilikuwa 22. Nilichukua bisibisi nikaidunga moja baada ya nyingine. Tano zilizo upande mmoja, zikiwa zimeingia ukutani, bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Zilizobaki ilidunda. Nilipotoka nje nikaangalia juu: gata ya pale ilikuwa imetoboka, na chini yake kiyoyozi cha mpangaji kilikuwa kinadondosha maji kwenye ukuta ule ule mchana kutwa. Zile boriti tano zilibadilishwa, gata ikabadilishwa, bomba la kiyoyozi likaelekezwa mtaroni. Sakafu haichezi tena.

Ukutani ugonjwa ni mwingine. Nyumba nyingi za umri huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua: unanyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Halafu anakuja fundi wa kisasa, anaona lipu imebanduka, anapiga lipu ya sementi. Sementi inafunga mlango. Maji yanabaki ndani na chumvi, baada ya misimu miwili lipu inavimba na kudondoka na vipande vya ukuta, na fundi yule yule anasema, "Si niliwaambia? Imechoka." Ukitaka kujua kama nyumba yenu imefanyiwa hivyo, tafuta mahali lipu ilipobanduka, kwaruza kwa kucha. Chokaa itaacha unga mweupe laini kidoleni. Sementi ni ya kijivu na itakukwaruza wewe.

Nasisitiza maji na sementi kwa sababu hata nyumba isiyodaiwa kodi yoyote inaanguka kwa hayo. Beit al Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ni mali ya serikali, imo ndani ya Mji Mkongwe uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mamlaka ya kuhifadhi mji huo ilianzishwa mwaka 1985. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili, kazi ya ukarabati ikiwa tayari imeanza. Lilikuwa na hadhi yote ambayo jengo linaweza kupewa. Lilichokosa ni kutazamwa kwa wakati, mwaka hadi mwaka, kwa miongo.

Sasa hofu ya pili ya kaka yako, kwamba serikali itaifanya nyumba urithi na kuwafunga mikono. Sheria inayohusika Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Nyumba ya 1934 haiwi urithi kwa sababu tu ina umri. Ni lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mwaka 1995 majengo na maeneo kadhaa ya Dar es Salaam yalitangazwa hivyo. Nendeni ofisi ya Mambo ya Kale mkaulize kwa namba ya kiwanja kama lenu limo. Likiwa limetangazwa, kubomoa au kubadilisha bila idhini ni kosa. Kukarabati kwa idhini kunaruhusiwa, madirisha pia, ilimradi mkubaliane ni madirisha ya namna gani. Watu wanaoishi Mji Mkongwe wamekuwa wakiomba vibali kwa mamlaka yao kwa miaka mingi na bado wanaweka mabomba, umeme na vyoo vya kisasa.

Mahali ambapo kaka yako ana hoja nzito ni hapa, na sitaki kumpuuza. Serikali ikisema nyumba yako ni ya taifa zima, halafu ikakuachia wewe peke yako gharama ya kuitunza na hasara ya zile sakafu kumi usizojenga, imekutwika mzigo wa watu wote. Uliuliza kuhusu nafuu. Misamaha ya kodi ya majengo ipo kwa makumbusho ya umma, kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba moja anayoishi, na kwa wengine wachache. Nyumba ya mtu binafsi kwa sababu ya ukale wake haimo. Na hata ingekuwemo, tumeshaona ingewaokolea Sh 180,000. Kwa hiyo nikiulizwa tuiombe serikali nini, sisemi msamaha wa kodi ya majengo. Nasema gharama ya kukarabati nyumba iliyotangazwa iruhusiwe itolewe kwenye zuio la pango hata kwa mtu binafsi, kwa risiti na kwa kibali cha Mambo ya Kale. Fedha hiyo inaonekana, na inamfikia aliyetengeneza paa tu.

Wenzetu wamejaribu njia nyingi, na baadhi zimewaponza. Uskoti zamani jumba lenye paa lilidaiwa kodi, lisilo na paa halikudaiwa. Wenye majumba makubwa wakang'oa mapaa. Slains Castle iliezuliwa mwaka 1925 na mpaka leo ni kuta zinazotazama bahari. Hiyo ni kodi iliyobomoa bila kugusa nyundo. California, tangu 1972, mwenye jengo la kihistoria anaweza kuingia mkataba na mji wake wa miaka isiyopungua kumi: yeye anatengeneza na kukubali kukaguliwa, wao wanamkadiria kodi kwa kipato ambacho jengo linaweza kuingiza, si kwa bei ambayo mjenzi wa minara angeitoa. Huo mkataba wa pande mbili ndio ninaoupenda.

Na New York, baada ya kituo cha treni cha Pennsylvania kuanza kubomolewa mwaka 1963 na watu kuona kilichopotea, walitunga sheria ya kulinda majengo mwaka 1965. Wenye kituo kingine, Grand Central, walitaka kujenga mnara juu yake, wakakataliwa, wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1978 wakashindwa. Hoja moja iliyowashinda ni kwamba zile sakafu walizonyimwa hazikupotea: mji uliwaruhusu kuzihamishia kwenye viwanja vya karibu, na zilikuwa na bei. Hebu ifikirieni Kisutu. Nyumba ya 1934 ibaki, na sakafu zake kumi za hewani ziuzwe kwa anayejenga mahali mji unapotaka minara. Warithi wapate fedha, na fedha hiyo ikarabati nyumba. Kwetu hakuna utaratibu huo, na kwa maoni yangu jiji lenye bei za ardhi kama za Dar es Salaam lingepaswa kuwa nao tangu zamani.

Turudi kwa mwekezaji wenu. Sijasema ni mtu mbaya. Nasema mnaulizwa mtoe kitu chenye uhakika mpokee ahadi, kwa hiyo ahadi ipimwe. Kwanza, nani anatia sahihi? Kama mirathi haijafunguliwa na msimamizi hajateuliwa na mahakama, hakuna mkataba hapo, hata mkiwa sita mmekubali. Pili, hati itakaa kwa nani wakati wa ujenzi? Ubia wa namna hii mara nyingi huifanya hati iwekwe rehani benki ili mkopo utoke. Mradi ukikwama ghorofa ya nne, nyumba haipo, pango halipo, na benki ina hati yenu. Tatu, fleti mtakazopewa zitakuwa na hati pacha kwa majina yenu chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, au mtabaki na karatasi ya makubaliano? Nne, miaka ya ujenzi mtaishi kwa nini? Katika mfano wetu, miaka mitatu bila pango ni Sh 158,400,000. Nani anailipa? Tano, kuhamisha umiliki kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuuza, na faida itokanayo na kuuza ardhi na majengo inatozwa kodi. Mkataba useme inalipwa na nani. Hiyo ndiyo kodi inayoweza kuwashtua, na inakuja kwa kubomoa, si kwa kubaki.

Mwulizeni pia nani mhandisi wake, na msione haya. Tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na kwenu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 25. Watu wanazungumza kana kwamba cha zamani ndicho hatari na kipya ndicho salama. Usalama hautokani na umri.

Ushauri wangu, na nausema kama ningekuwa mmoja wa hao warithi sita: msibomoe mwaka huu. Mwekezaji mwenye nia atakuwepo mwakani, na kiwanja hakitashuka bei. Tumieni miezi sita kumlipa mhandisi wa majengo na mthamini, awaandikie bei tatu: nyumba ilivyo leo, nyumba ikikarabatiwa, na kiwanja kitupu. Nyumba iliyokarabatiwa katikati ya mji, yenye dari ndefu na roshani inayotazama mtaa, siku hizi hutafutwa na wenye migahawa na ofisi ndogo, na kilemba (fedha ya kuingilia) cha fremu zake hupanda. Angalieni pia kama nyuma pana ua. Kuna viwanja vya Uhindini ambavyo ua wake unaweza kubeba jengo jipya la ghorofa kadhaa huku nyumba ya mbele ikibaki. Mwekezaji aulizwe kama yuko tayari kwa hilo. Jibu lake litawafundisha mengi juu yake. Mkishapata hizo namba na bado wengi wenu wakataka kubomoa, ni haki yenu, na sitawalaumu. Kuna familia ambazo nyumba ni kitu pekee cha kusomeshea watoto. Lakini iwe kwa sababu hiyo, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka ule wa 1934 ukatwe na kipande chake cha ukuta na kuhifadhiwa.

Vuli haiko mbali. Kabla ya kikao cha familia, subirini siku mvua inanyesha kweli, mwombe kaka yako mkubwa mpande pamoja chumba cha juu upande wa mtaani, na mwangalie kwa macho maji yanapita wapi. Beba tochi na bisibisi.